Siku Mzee Kiariro Aliponiita kwa Jina

Wewe uliyeambiwa juzi kwamba kifua kikuu kimeingia gotini, sogea karibu. Najua ulivyoduwaa. Mimi nilimwuliza daktari kama hajakosea mgonjwa, maana sikuwa nakohoa hata kidogo. Basi nakuambia mapema usije ukasoma kwa hofu: nimepona. Kama nilirudi kwenye boriti yangu ya michezo au sikurudi, hilo utalisubiri kidogo. Hata mimi nilisubirishwa, na kusubiri kuliniuma kuliko sindano.

Jina langu Nakundwa. Nimezaliwa Upare, milimani juu ya Maore, enzi za Mwingereza. Kwetu maji ya kumwagilia hukusanywa usiku kwenye ndiva, bwawa lenye ukuta wa mawe na udongo, na asubuhi hufunguliwa yakateremka mferejini mpaka mashambani. Hakuna mtoto wa kwetu ambaye hajachapwa kwa kutembea juu ya ukuta wa ndiva, na mimi nilichapwa kuwashinda wote. Siku moja Mwalimu Naomi, aliyekuwa ametoka chuo cha ualimu mwaka huohuo, alinikuta huko juu nimesimama kwa mguu mmoja. Nikajua leo nimekwisha. Kumbe! Akasema, "Geuka urudi." Nikageuka. "Haya, pinduka." Nikapinduka! Kesho yake nilikuwa mwanafunzi wake wa mazoezi ya viungo.

Boriti ni mti uliochongwa ukawa laini, mwembamba kama kiganja, ukawekwa juu ya nguzo usawa wa kifua. Unapanda, unatembea, unageuka, unapinduka, unaruka chini na kusimama wima, na waamuzi wanakupa alama. Loo, jamani, utamu wake! Kuna wakati fulani, mikono iko chini na miguu iko mbinguni, ambapo dunia nzima inanyamaza. Kila mwaka wakati wa kiangazi shule za wasichana zilikutana Same, kwenye uwanja wa boma. Mara ya kwanza nilimshinda Yunisi wa Ndungu, binti wa wakulima wa mpunga, mwenye mikono mirefu na roho ngumu. Mara ya pili nikamshinda tena, safari hii kwa mbali, watu wakarusha kofia. Mwalimu Naomi akaniahidi kwamba nikishinda mara moja zaidi atanipeleka Tanga kwenye mashindano ya jimbo. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekaa juu ya magunia ya lori, nikiimba mpaka sauti ikakauka.

Goti lilikuwa tayari limeanza kuvimba, ila nililificha. Nilidhani ni kuruka.

Lilivimba likawa kama boga. Halikuwa na joto kali wala jeraha, lilivimba tu, na paja likazidi kukonda siku hadi siku. Koko, yaani bibi yangu mzaa baba, alilikanda kwa majani ya moto. Baba hakutaka kusikia la majani wala la dawa. Yeye alikuwa na jibu lake.

"Ni ile boriti," alimwambia Mama. "Nilisema. Msichana anavaa kaptula ya kaniki, anapinduka mbele ya watu kama tumbili. Sasa mnaona?"

"Watoto wangapi wameumwa magoti bila kupanda boriti?" Mama akamjibu.

"Mimi nina huyu."

Boriti yangu ya mazoezi ilikuwa uani kwetu, Mwalimu Naomi aliniazima. Asubuhi moja niliamka nikakuta nguzo mbili tupu. Baba alikuwa ameichukua akaitia kwenye paa la banda la mbuzi, iwe mwamba wa kubeba nyasi. Nililia, nikamwita majina ambayo binti hamwiti baba yake. Kwa muda mrefu yeye na Mama walizungumza kupitia kwa Koko, "Mwambie mwanao chakula kiko mezani," na Koko akasema yeye si posta.

Masika yalipopamba moto sikuweza tena kukanyaga. Hapo ndipo lilipopigwa baragumu la msaragambo.

Kwa asiyetujua: msaragambo ni kazi ya wote. Ikiwa ni mfereji umebomoka, njia imeharibika, au kuna mgonjwa wa kuteremshwa mlimani, Mzee Kiariro, msimamizi wa kazi hizo, hupuliza baragumu alfajiri, kisha hupita kila nyumba akiita watu kwa majina. Asiyekuja hutozwa faini ya chakula, nayo huliwa na waliofanya kazi mbele ya macho yake. Mzee Kiariro alikuwa na sauti ya kuamsha maiti na uso wa mtu aliyemeza ndimu. Asubuhi ile aliita watu wakanibebe mimi.

Walinilaza kwenye machela ya miti na blanketi. Mvua ilikuwa inamwagika, njia ni utelezi mtupu. Wanaume walibadilishana kila kona, lakini Baba alishika mti wa mbele tangu nyumbani hadi Maore na hakukubali kupokewa. Nilimwona mgongo tu, shati limegandana na mwili. Tulipofika kwenye lori aligeuka, mikono yake imechubuka, akanifuta uso kwa kofia yake iliyolowa. Nikamsamehe palepale, ingawa sikumwambia.

Hospitali huko Same ilikuwa na benchi la saruji lililokuwa refu kuliko subira yangu. Ulikaa, ukasogea, ukakaa. Mama alinifundisha kuwahi upande wa ukutani, mtu apate pa kuegemea. Ukirudi hospitali, chukua hilo: wahi ukuta, na beba chakula kisichomwagika. Sisi tulibeba makande makavu, na kila tuliyemkaribisha kula akawa ndugu.

Daktari alinibonyeza goti, akaniuliza kama nyumbani kuna mtu anayekohoa. Nikataja marehemu mjomba. Akasema jina la ugonjwa, kisha akaniambia mambo mawili: mguu utafungwa plasta kutoka kiunoni hadi vidoleni, na nitachomwa sindano kila siku mpaka aseme basi.

"Na boriti?" nikauliza.

"Boriti gani?"

Mama akamweleza. Daktari akacheka kidogo, akasema, "Kwanza tupate mguu."

Hujafa hujaumbika. Mimi niliyekuwa naruka kama panzi sasa nililala chali nikihesabiwa na mbu. Plasta inawasha, ndugu yangu! Inawasha usiku na mchana, na huwezi kufika. Mwenzangu wa kitanda cha pili, mama wa Kimasai kutoka uwandani, aliyekuwa na kidonda mguuni, ndiye aliyeniokoa. Jina lake Naisula. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza na Kimaa changu hakikuwepo kabisa, lakini alinipa kijiti kirefu cha mswaki, akanionyesha namna ya kukipenyeza plastani. Nilijikuna mpaka machozi ya raha yakanitoka, naye akacheka mpaka muuguzi akaja. Wanawe walipomletea maziwa kwenye kibuyu, alinimiminia mimi kwanza. "Kunywa, mruka," alikuwa akisema. "Mifupa hii kula maziwa."

Masika yakaisha, kipupwe kikaja na upepo wake, vuli ikaja. Plasta ilibadilishwa, na kila ilipofunguliwa niliona mguu uliopauka, mwembamba, wenye magamba, nikageuza uso. Sindano ziliendelea. Matako yakawa magumu kama mbao, tukawa tunataniana na muuguzi kwamba atafute nyundo. Lakini uvimbe ulikuwa unashuka! Niliuona mimi mwenyewe, daktari akauona, Mama aliyekuja na lori la kila mwezi akapiga vigelegele wodi nzima ikaitikia.

Kiangazi kikafika, na mashindano nayo. Kutoka kitandani nilisikia shangwe za uwanja wa boma. Wee! Hiyo siku sitamani impate adui yangu. Nilijifunika shuka gubigubi. Jioni mtu akalivuta. Alikuwa Yunisi, bado ana vumbi magotini, amebeba mchele wa Ndungu uliofungwa kwenye kanga.

"Nimeshinda," akasema.

"Hongera."

"Hongera ya nini? Hakukuwa na mtu wa kunikimbiza." Akakaa kitandani kwangu bila kukaribishwa. "Wewe utarudi lini?"

Akaniwekea mchele mapajani, akasema, "Rudi, Nakundwa. Ushindi wa kuokota hauna ladha." Nilikuwa namchukia Yunisi kwa miaka miwili. Siku ile nililia kwenye bega lake kama mtoto.

Muda mfupi baadaye plasta ilifunguliwa moja kwa moja. Goti lilikuwa linapinda! Si lote, lakini linapinda. Nikasimama. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba sakafu haitulii. Ilikuwa inainuka na kushuka. Nilipiga hatua mbili nikaangukia kitanda cha Naisula. Nikafumba macho nipumzike, nikaanguka kabisa.

Daktari akaja. Hakunificha. "Ni zile sindano. Zimekuponya, lakini zimegusa mahali pa mwili panapokushika usianguke. Pengine hapatarudi kama zamani."

"Nitatembeaje?"

"Kwa macho. Chagua kitu kisichotikisika, ukitazame, ukifuate. Gizani shika ukuta."

Kwa mtu mwingine hiyo ni habari mbaya kiasi. Mimi, ambaye kitu pekee nilichowazidi watu duniani ni kutoanguka, nilihisi nimechukuliwa kila kitu. Usiku ule nilimwambia Mungu maneno makali. Asubuhi nikamwomba radhi, kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha mlangoni hakuamka kabisa, nami nilikuwa nimeamka.

Nilirudi mlimani nikiyumba. Wanawake waliokuwa wakiteka maji wakanong'onezana kwamba binti huyu amezoea dengelua, ile pombe yetu ya miwa, tena asubuhi yote hii! Koko akawafokea hadi ndoo zikawadondoka. Kisha mimi nikatangaza mbele ya wote nyumbani kwamba nataka boriti yangu.

"Thubutu!" akasema Mama. Yeye aliyenitetea siku zote! Uchovu wa mwaka mzima wa malori ulikuwa usoni pake. "Sikukulea mara mbili uje uvunjike shingo. Siku Mzee Kiariro atakapokuita msaragambo kwa jina lako, siku hiyo nitajua umepona, na utapanda. Kabla ya hapo usinitajie."

Nilifurahi kama mjinga, nikidhani ni wiki ijayo. Sikuwa nimefikiri. Kwetu mgonjwa haitwi. Mzee Kiariro akifika kwenye nyumba yenye mgonjwa hushusha baragumu, huita wazima kwa sauti ya chini, hupita. Wala huwezi kujipeleka, maana mgonjwa akidhurika kazini aibu ni ya kijiji kizima. Baragumu lilipolia nilikuwa wa kwanza uani, nimeshika jembe. Akamwita Baba. Akamwita Mama.

"Shikamoo, Mzee. Na mimi je?"

"Marahaba. Mgonjwa haitwi," akasema, akaondoka zake.

Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nikampigia kelele mgongoni kwamba daktari wa Same ameniruhusu, akasema daktari wa Same haji kuzibua mifereji yetu.

Basi nikaanza mwenyewe. Kamba niliitandaza uani nikaitembea. Baadaye matuta ya viazi. Baadaye kingo za mfereji, ambapo nililowa mara nyingi kuliko chura. Koko ndiye aliyekuwa kitu changu kisichotikisika. Alifunga kitambaa cheupe kichwani, akakaa mwisho wa mstari akichambua maharage, na mimi nikakodolea kile kitambaa nikakifuata. Nikianguka alikuwa akisema, "Tena," bila kuinua macho. Adui yetu alikuwa ukungu. Wakati wa kipupwe ulishuka ghafla, kitambaa kikapotea, na mimi chini. Nikajifunza kwamba ukungu ukija usishindane nao: chuchumaa, gusa chini kwa vidole, ngoja.

Kabla ya vuli ndiva husafishwa. Maji yote hutolewa, kijiji kizima huingia kwenye tope. Mimi sikuitwa. Lakini chakula cha wafanyakazi hupikwa kwa zamu, na zamu ilikuwa yetu, na hakuna aliyesema mgonjwa asibebe chakula! Nikajitwisha chungu cha makande. Njia ya kawaida inazunguka chini. Njia fupi ni ukuta wa ndiva.

Koko alikuwa amekaa upande wa pili na wazee. Akaniona. Akavuta kitambaa chake cheupe mbele kidogo, akanyoosha shingo.

Nikapanda.

Sikusikia waliokuwa kwenye tope walipoacha kuimba. Nilisikia tu jembe moja likianguka kwenye tope, baadaye nikaambiwa lilikuwa la Baba. Kulia kwangu shimo la ndiva, kushoto mteremko, mbele kitambaa. Hatua, kitambaa. Hatua, kitambaa. Nilipofika katikati, ukungu ukateremka kutoka msituni ukameza kila kitu. Mama akapiga kelele jina langu. Nikachuchumaa polepole, mkono mmoja juu ya chungu, vidole vya mwingine ukutani. Jiwe lilikuwa la baridi na lilikuwa limetulia. Moyo ulikuwa unapiga, lakini si kwa hofu, nakuapia, ulikuwa ni ule mpigo wangu wa Same kabla ya kuitwa jina! Nilikuwa nimeukosa kwa muda mrefu hata karibu nicheke.

Ukungu ukachanika. Kitambaa kikawa palepale. Nikainuka, nikamaliza, nikakitua chungu miguuni pa Koko bila hata harage moja kumwagika.

Watu wote wakamtazama Mzee Kiariro, naye akafunua chungu, akachungulia.

"Chakula kimechelewa," akasema.

Basi! Nikaenda nyumbani nikiwa na hasira hadi nikashindwa kula.

Alfajiri iliyofuata baragumu likalia, maana kazi haikuwa imekwisha. Sikutoka uani safari hii. Nilijifunika. Nikasikia akimwita Baba. Nikasikia akimwita Mama. Kisha kikohozi, na ile sauti ya kuamsha maiti:

"Nakundwa! Unangoja ubebwe tena? Njoo na karai!"

Nilitoka bila kufunga kitenge vizuri. Siku nzima nilizoa tope, nikapakwa tope, nikaimba tope. Sijawahi kufurahi vile kwenye mashindano yoyote. Jioni tuliporudi, Baba hakuingia ndani. Alienda bandani, akapanda juu, tukasikia nyasi zikiporomoka. Akarudi na boriti begani, akaiweka juu ya nguzo zake, akaipangusa kwa shati.

"Na mbuzi?" akauliza Mama. Alikuwa akimwuliza yeye mwenyewe, si kupitia kwa Koko.

"Watalala nje," akasema Baba. "Wao hawaendi Same."

Kiangazi kile nilisimama tena kwenye uwanja wa boma. Koko aliteremka mlima kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, akaketi mwisho wa boriti na kitambaa chake. Mguu mmoja ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake na watu waliuona. Nilipanda. Nilitembea, nikageuka, nikatafuta kitambaa, nikakipata, nikapinduka. Dunia ikanyamaza! Niliporuka chini niliyumba hatua moja, na hatua hiyo moja ilimpa Yunisi kikombe na safari ya Tanga. Alinikumbatia akaninong'oneza, "Sasa hiki ndicho kina ladha." Tanga nilienda mwaka uliofuata, na huko nikashinda, lakini hayo si ya ugonjwa.

Mimi na Koko tulirudi nyumbani kesho yake, tumechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Uani tulimkuta Mzee Kiariro amekaa kwenye kigogo, uso wa ndimu, fimbo mapajani. Tukamwamkia. Akaitikia, kisha akanyoosha fimbo kwangu.

"Jana palikuwa na msaragambo wa njia ya Maore. Niliita hapa. Baba na mama yako walikuja. Nakundwa hakuja."

"Mzee, nilikuwa Same, kwenye..."

"Sikuuliza ulikuwa wapi. Mtu mzima akiitwa asije, kuna faini. Chungu cha makande, kesho, ukipeleke mwenyewe."

Mama, aliyekuwa ametoka ndani kutupokea, akakaa chini palepale kwenye vumbi, akafunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti. Koko akapiga kigelegele. Mimi nikakimbilia jikoni kuloweka mahindi.